Kiasi na Asili: Makanisa Yetu na Chimbuko la Huduma ya Afya ya Msingi

Mwanafunzi wa udaktari aanzapo somo la afya ya jamii hukutana mapema na zile sehemu alizozizoea katika hesabu za shule ya msingi: namba ya juu iitwayo kiasi, na namba ya chini iitwayo asili. Huelezwa ya kuwa daktari aliyeko wodini aweza kufanya kazi yake kwa kiasi peke yake, maana anamshughulikia mgonjwa aliye mbele yake. Lakini anayetaka kujua hali ya afya ya watu hana budi kuuliza habari za asili. Wagonjwa hawa 40 wametoka katika watu wangapi? Arobaini kati ya 400 ni msiba. Arobaini kati ya 400,000 huenda ni jambo la kila mwaka. Tena, ni akina nani ambao hawakufika kabisa?

Jambo hili si geni kwa msomaji wa Injili ya Luka. Yule mchungaji wa sura ya 15 asingeweza kutambua kwamba kondoo mmoja amepotea kama angalihesabu tu wale waliokuwapo mbele yake. Tisini na tisa ni kundi kubwa, na mtu aweza kuridhika nalo. Yeye alijua kwamba wanapaswa kuwa mia.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi swali hilo la asili lilivyoingia katika utumishi wa uponyaji wa makanisa yetu tangu mwaka 1964, jinsi lilivyofika kwenye meza ya mataifa huko Alma-Ata mwaka 1978, na jinsi lilivyorudi kwetu kwa uchungu mwingi mkoani Kagera. Hatuwaandikii madaktari, ambao wana vitabu vyao. Tunawaandikia wachungaji, na wale wanaojiandaa kuwa wachungaji. Kwa kuwa hao ndio watakaoketi katika bodi za hospitali na zahanati za dayosisi, na mara nyingi watasomewa taarifa iliyojaa namba za juu bila namba ya chini hata moja.

Hospitali za umisheni katika nchi yetu zilizaliwa na huruma. Machame, Nkoaranga, Bumbuli, Ndolage, na baadaye Haydom iliyofunguliwa mwaka 1955, zote zilijengwa mahali ambapo mgonjwa hakuwa na pengine pa kwenda. Hatupendi kuwabeza waliozijenga. Wengine wao wamezikwa karibu nazo. Lakini huruma hiyo ilikuwa na tabia moja: ilimngoja mtu mlangoni. Aliyefika alipokelewa, tena vizuri; asiyefika hakuonekana, wala hakuandikwa popote. Taarifa za mwaka zilizopelekwa kwa marafiki wa umisheni huko Ulaya na Marekani zilisimulia idadi ya waliolazwa, waliopasuliwa na waliojifungua. Ongezeko la wagonjwa lilihesabiwa kuwa baraka, ingawa kwa mwenye kufikiri kidogo ni jambo la ajabu kwamba kazi ya uponyaji ipimwe kwa wingi wa wanaougua.

Katika miaka ya 1960 hali hiyo ilianza kuyumba kwa sababu ambazo hazikuwa za kitheolojia hata kidogo. Gharama za hospitali zilipanda. Vyama vya umisheni vilishindwa kuzibeba, na serikali mpya za Afrika na Asia zilikuwa na haki ya kuuliza hospitali hizi ni za nani na zipo kwa ajili gani. Ndipo Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walipoitisha mashauriano huko Tübingen, Ujerumani, mwezi Mei 1964. Kikundi kilikuwa kidogo: madaktari, wanatheolojia na viongozi wa umisheni. Walitakiwa wajibu swali lililoonekana jepesi, yaani kama Kanisa bado lina kazi ya pekee katika uponyaji wakati ambapo serikali yoyote yaweza kuajiri daktari.

Jibu lao, lililochapishwa mwaka uliofuata, lilikuwa ndiyo. Lakini si ndiyo ambayo wenye hospitali walikuwa wameitarajia. Walisema kwamba uponyaji umekabidhiwa usharika mzima, wala si watu wenye ujuzi wa tiba peke yao. Walisema kwamba afya ni zaidi ya kukosekana kwa ugonjwa mwilini, na kwamba daktari aliyetengwa na usharika, akifanya kazi ndani ya uzio wake, amefanywa kuwa mtu wa kiwanda. Kwa maneno mengine, mlango wa hospitali ulikuwa umekaa mahali pasipo pake.

Hapa Mlutheri aweza kutabasamu, kwa sababu mambo haya yalikuwamo katika sanduku lake mwenyewe kwa zaidi ya miaka 400. Tauni ilipoingia Wittenberg mwezi Agosti 1527, chuo kikuu kilihamishiwa Jena, lakini Luther alibaki mjini pamoja na Bugenhagen. Katika mwaka huo aliwajibu wachungaji wa Breslau waliokuwa wamemwuliza kama Mkristo aruhusiwa kuikimbia mauti. Watu wengi hukumbuka sehemu moja ya jibu hilo, kwamba mchungaji na hakimu wasiache zamu zao. Sehemu nyingine husahauliwa. Luther aliagiza watu watumie dawa, wafukize nyumba na mitaa, na waepuke mahali wasipohitajiwa, kwa maana asiyejikinga aweza kumwua jirani yake. Alisema ni afadhali mji uwe na nyumba za wagonjwa zenye watumishi kuliko kila mwenyeji kugeuza nyumba yake kuwa hospitali. Aliuliza hata kama inafaa makaburi yakae katikati ya mji. Huyo ni mtu anayefikiri habari za mji mzima. Aliongeza kwa ukali kidogo kwamba wagonjwa wamwite mchungaji mapema, wasingoje hadi akili zimekwisha kuwatoka. Agizo ambalo wachungaji wa leo wanalielewa bila maelezo.

Pamoja na hayo, ni lazima tukiri kwamba Tübingen walisema kweli ambayo hawakujua namna ya kuipima. Waliuona usharika, lakini hawakuwa na kipimo cha kuonyesha ni kiasi gani hospitali ilikuwa imewaacha watu nje. Kipimo hicho kilipatikana Afrika Mashariki. Mwaka 1966 kilichapishwa Nairobi kitabu kilichohaririwa na Maurice King, kilichotokana na mashauriano ya Makerere juu ya tiba katika nchi maskini. Vizazi kadhaa vya madaktari wa sehemu zetu vimelelewa nacho. Ndani yake mna uchunguzi mdogo uliofanywa katika hospitali ya Mityana, Uganda, ambao kwa maoni yetu umefanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi.

Watafiti walichukua orodha ya wagonjwa wa nje, wakatafuta kila mmoja ametoka wapi, kisha wakalinganisha na idadi ya wakazi wa mahali hapo. Yaani walitafuta asili. Walikuta kwamba kadiri mtu alivyokaa mbali, mahudhurio yalipungua kwa utaratibu ulio thabiti: yalishuka kwa nusu kwa kila maili 2 hivi. Msomaji afanye hesabu. Kwa kipimo hicho, anayekaa maili 8 kutoka langoni huhudhuria mara 1 pale ambapo jirani wa lango huhudhuria mara 16. Maili 8 ni kama kilometa 13, mwendo wa saa tatu kwa mama mwenye mtoto mgongoni. Hakuna mtu aliyemfukuza mama huyo. Hakuna muuguzi aliyemtukana, wala ada iliyomzuia. Umbali peke yake ulitosha kumfuta.

Mwanafunzi wa udaktari hujifunza kutoka Mityana kwamba hospitali, hata ikiwa njema namna gani, huhudumia kiduara kidogo kinachoizunguka. Na kwamba kuiongezea vitanda hakubadilishi jambo hilo. Ukitaka kumfikia mama wa maili ya nane, jenga zahanati, au fundisha mtu wa kijiji chake. Ukiongeza wodi, umemwongezea raha jirani wa lango.

Baraza la Makanisa liliunda Tume ya Kikristo ya Tiba mwaka 1968, ikiwa na makao yake Geneva. Mkurugenzi wake wa kwanza, James McGilvray, alikuwa mtu wa uendeshaji wa hospitali, aliyewahi kuhudumu Vellore nchini India; na pengine ndiyo sababu hakudanganywa na majengo. Uchunguzi uliofanywa juu ya kazi za tiba za makanisa ulionyesha kwamba sehemu ipatayo asilimia 95 ilikuwa tiba ya hospitalini na kliniki, hali nusu ya waliolazwa, au zaidi, walikuwa na maradhi yanayozuilika. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kinga ni bora kuliko tiba, na kila mchungaji huisema methali hiyo kwa urahisi. Bajeti za makanisa ziliisema kinyume.

Tume haikujenga kitu. Ilitafuta watu waliokuwa wamekwisha kujaribu njia nyingine, ikaandika habari zao katika jarida lake dogo lililoanza mwaka 1970, ikazisambaza. Mmoja wa mifano hiyo ulitoka Jamkhed, katika jimbo la Maharashtra, India, ambako madaktari wawili, Rajanikant Arole na mkewe Mabelle, walianza kazi mwaka 1970. Walikwenda mahali penye ukame mkali, wakawauliza watu wanataka nini kwanza. Watu hawakutaja dawa. Walitaja maji na chakula. Basi madaktari hao wakaanza na visima na mashamba. Kisha wakawafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao wasiojua kusoma na wengine wa matabaka yaliyodharauliwa, kuwa wahudumu wa afya katika vijiji vyao wenyewe. Mwaka 1971, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika eneo hilo, 176 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mwaka 1976 walikuwa 52. Hatuna budi kuona pia kwamba namba hizo zilipatikana kwa sababu mtu fulani aliwahesabu watoto wote wa vijiji hivyo, na si wale tu walioletwa kliniki.

Makao ya Shirika la Afya Duniani na yale ya Baraza la Makanisa yako karibu sana huko Geneva; mtu aweza kutoka moja kwenda jingine kwa miguu. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika tangu 1973, Halfdan Mahler wa Denmark, alikuwa mtoto wa mhubiri wa Kibaptisti na alikuwa amefanya kazi ya kifua kikuu India kwa miaka mingi. Machi 1974 wakuu wa pande hizo mbili walikutana, na tangu hapo uhusiano wao ulikuwa wa karibu. Shirika lilipotoa mwaka 1975 kitabu juu ya afya inayotengenezwa na watu wenyewe, kilichohaririwa na Kenneth Newell, mifano kadhaa iliyokuwamo, pamoja na ule wa Jamkhed, ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa Tume. Miaka mitatu baadaye, tarehe 6 hadi 12 Septemba 1978, wajumbe wa serikali 134 walikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan iliyokuwa bado sehemu ya Umoja wa Kisovyeti, wakatangaza kwamba huduma ya afya ya msingi ndiyo njia ya kufikia afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Waliitaja kuwa ni pamoja na elimu ya afya, lishe, maji safi, afya ya mama na mtoto, chanjo, udhibiti wa maradhi ya mahali, tiba ya maradhi ya kawaida na dawa muhimu. Tena walisema kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kuipanga. Tübingen ilikuwa imesema usharika. Alma-Ata ilisema jamii.

Tanzania ilikwenda Alma-Ata ikiwa na la kusimulia. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikuwa imewakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma pamoja juu ya malaria, maji na vyoo. Kisha vikundi hivyo viliinuka na kuchimba. Vilikutana chini ya miembe, katika madarasa, na kwenye nyumba za ibada pia.

Je, sisi Walutheri tulikuwa wapi? Tulikuwa tunajenga Moshi. Kituo cha tiba cha KCMC, kilichotokana na maono ya Askofu Stefano Moshi na Shirika la Msamaria Mwema, kilifunguliwa mwaka 1971, miaka saba baada ya Tübingen. Wapo wanaokitaja kama ushahidi kwamba makanisa yalisaini jambo moja na kutenda jingine. Shutuma hiyo ina ukweli, ila si wote. Mfumo wa zahanati bila hospitali ya rufaa huwaacha wahudumu wa vijijini bila mahali pa kumpeleka mama aliyeshindwa kujifungua; na Moshi imefundisha watumishi wengi wa ngazi za kati ambao bila wao zahanati zingekuwa majengo matupu. Tunaloweza kusema kwa haki ni kwamba hospitali kubwa ina sauti kubwa pale bajeti inapogawanywa, na zahanati ya maili ya nane haina.

Ndoto ya Alma-Ata ilipunguzwa mapema. Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Walsh na Warren, walitoa hoja kwamba huduma kamili ni ghali mno, na kwamba ni afadhali kuchagua hatua chache zinazookoa maisha ya wengi kwa fedha kidogo. Shirika la watoto la Umoja wa Mataifa liliifuata njia hiyo katika miaka ya 1980: kupima uzito, maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, maziwa ya mama, chanjo. Watoto wengi waliokoka, na hatuwezi kulidharau hilo. Ila mtu wa kijiji, aliyekuwa ameitwa kupanga, akageuzwa tena kuwa wa kupokea. Kisha ikaja mizigo ya madeni. Kwetu uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali mwaka 1993. Hospitali za makanisa zilikuwa zikitoza ada siku zote.

Mataifa yalikutana tena Astana mwaka 2018 kulikumbuka azimio hilo. Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Bima humsaidia aliyefika kaunta. Mhudumu wa kijiji hubisha hodi kwa asiyefika. Mityana ingetuambia ni kipi kati ya viwili hivyo kipewe fedha kwanza zinapopungua.

Tumebakiza Kagera. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, ambayo ni ya Kanisa letu. Madaktari waliona watatu. Wakati huo watu walisema ni ugonjwa wa wafanya biashara wa mpakani. Mimbari nyingi ziliona wadhambi wachache, nazo zikawasemea kama wachache. Hayo yote yalikuwa mawazo juu ya kiasi. Ilikuwa mpaka mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Umeå, Sweden, walipotoka hospitalini na kwenda nyumba kwa nyumba, wakachagua watu wazima kwa njia ya bahati, wagonjwa na wazima sawasawa, na kupima damu. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo walikuta virusi kwa asilimia 0.4 ya watu. Karagwe, asilimia 4.5. Bukoba Vijijini na Muleba, asilimia 10. Bukoba mjini, asilimia 24.2.

Maana yake ni kwamba katika mji ule mtu mzima mmoja kati ya wanne hivi alikuwa na virusi, na walio wengi kati ya hao hawakuwa wagonjwa. Hawakuwa wamelazwa popote. Walikuwa wakilima, wakiuza samaki, wakiimba kwaya. Hakuna hospitali ambayo ingewahesabu kwa kungoja mlangoni, maana hawakuwa na sababu ya kuja. Walihesabiwa kwa sababu mtu aliuliza habari za asili. Tangu hapo ikawa vigumu kwa mhubiri yeyote wa Bukoba kusema juu ya wale, kwa kuwa wale walikuwa kwenye mabenchi yaliyo mbele yake. Kazi iliyofuata ilikuwa ya sharika kuliko ya wodi: wagonjwa kuuguzwa nyumbani, na yatima kutunzwa katika vijiji vyao, kama ulivyofanya mradi wa Huyawa wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi.

Watafiti walirudi Bukoba mjini mwaka 1993 wakakuta asilimia 18.3, na mwaka 1996 wakakuta 13.3. Habari hiyo ilipokewa kwa furaha, na kwa kiasi fulani ilistahili, kwa kuwa miongoni mwa wasichana wa miaka 15 hadi 24 maambukizi yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu. Na katika umri huo upungufu ni dalili kwamba wachache zaidi wanaambukizwa. Kwa watu wa makamo hesabu ni ngumu zaidi, na mwalimu wa afya ya jamii huwakumbusha wanafunzi wake kwa nini. Mtu aliyekufa hutoka katika kiasi na katika asili kwa wakati mmoja. Asilimia yaweza kushuka kwa sababu watu wamejikinga, na yaweza kushuka kwa sababu wamezikwa. Wale waliofariki Bukoba kati ya 1987 na 1996 hawamo katika ile 13.3. Wengi wao wamo katika vitabu vya sharika, kwa jina na tarehe, pamoja na jina la mchungaji aliyewazika.